Tunu wangu anaugua kiwele: nafuatilia kupona kwake siku kwa siku (Kibosho, Moshi)

Kihamba cha Kibosho – 11 Aprili

Wanajamvi, habari za jioni. Nimekuwa nikisoma tu hapa kwa muda mrefu. Leo nafungua uzi wangu wa kwanza, na nauleta nikiwa na uzito moyoni.

Nina ng'ombe wawili wa maziwa, chotara, nawafuga ndani ya banda hapa kihambani. Mmoja anaitwa Tunu. Yuko uzao wa tatu, alizaa mwanzoni mwa Februari, na alikuwa ananipa lita 8 asubuhi na 6 jioni. Tarehe 8 asubuhi kijana anayenisaidia kukamua akaniita: "Mama, Tunu anarusha teke." Tunu hana tabia hiyo kabisa. Nikaenda nikashika kiwele. Robo ya nyuma kushoto (kiwele kina robo nne, kila moja na chuchu yake) ilikuwa ngumu kama kiazi kibichi, ina moto, ngozi imevutika mpaka inang'aa. Mikamuo ya kwanza ikatoka madonge kama mtindi uliokatika, na maji ya njano yakafuata. Kipimajoto kikasoma 40.6. Pumba alinusa akaziacha, na migomba niliyomkatia ikabaki kwenye kihori hadi mchana.

Daktari wa mifugo alifika kabla ya saa sita. Akaandika tyubu ya dawa ya kuingiza ndani ya chuchu asubuhi na jioni kwa siku tatu, sindano ya antibayotiki ya msuli mara moja kwa siku kwa siku tano, na dawa ya kushusha homa na maumivu siku mbili za mwanzo.

Leo ni siku ya nne. Tyubu ya mwisho niliweka jana jioni. Joto limeshuka hadi 38.7, anacheua, madonge hayaonekani, maziwa ni meupe. Jirani yangu, mtu anayenitakia mema, ameniambia: "Huyo amepona, acha kumchoma sindano bure, peleka maziwa."

Hapo ndipo nilipokumbuka mama yake Tunu. Miaka mitatu iliyopita aliugua vivyo hivyo. Siku ya pili maziwa yakawa meupe, nikaona nimeokoa fedha, nikaacha dawa. Baada ya wiki tatu ikarudi. Tukatibu, ikarudi tena. Mwisho ile robo ikasinyaa ikawa haitoi kitu, na ya pili ikafuata. Aliondoka hapa kwa lori la machinjioni, na mimi ndiye niliyefungua kamba. Sitaki kurudia.

Swali langu kwenu ni moja: mfugaji anajuaje kwamba ng'ombe amepona kiwele kweli, na si kwamba amenyamaza tu? Nimenunua daftari. Kila siku naandika joto, lita, hali ya kila robo, chakula na kucheua. Nitakuwa naleta hapa. Natanguliza shukrani.

Kijana wa Uru – 11 Aprili

Pole sana dada. Mimi niko hapo jirani, Uru Kaskazini. Nikuulize bila kuficha: kwangu mwaka jana tuliacha dawa siku ya pili, na ng'ombe yupo mpaka leo anakamuliwa. Sindano ni ghali. Kama homa imeisha na maziwa ni meupe, siku mbili za kuongeza zinasaidia nini?

Afisa Mifugo, Hai – 11 Aprili

Kijana wa Uru, asante kwa kuuliza wazi, maana wengi wanafanya hivyo kimyakimya.

Homa na madonge ni vita inayoonekana nje. Bakteria wakiingia kupitia tundu la chuchu, mwili unamimina chembe nyeupe za damu kwenye robo ile. Madonge ni chembe hizo pamoja na protini za maziwa zilizoganda. Dawa ikipunguza bakteria, vita inapoa, maziwa yanasafika. Lakini wachache waliojificha ndani ya vijifereji vya maziwa bado wako hai. Ukiacha dawa hapo, unawapa nafasi ya kujenga upya, na waliobaki ni wale waliostahimili dozi yako.

Bakteria aina ya stafilokoka ndiye mbaya zaidi kwa hili. Anaingia kwenye nyama yenyewe ya kiwele, mwili unamjengea ukuta wa kovu, na dawa haimfikii vizuri. Ng'ombe anaonekana mzima miezi, halafu siku moja unakuta madonge. Kwa ulivyoeleza, nadhani hicho ndicho kilichompata mama yake Tunu.

Ng'ombe wako, Kijana, aliyepona kwa siku mbili: umewahi kumpima robo kwa robo tangu wakati huo? Anatoa lita zile zile za zamani?

Dada wa Kibosho, maliza siku zote tano. Na uniambie maziwa unayafanyaje.

Kihamba cha Kibosho – 11 Aprili

Daktari, asante sana. Maziwa namwaga yote kwenye shimo la mbolea nyuma ya migomba, mbali na banda. Lebo ya tyubu inasema saa 96 baada ya tyubu ya mwisho. Ya sindano inasema siku nne baada ya sindano ya mwisho, na sindano ya mwisho ni kesho asubuhi. Kwa hiyo nahesabu ile inayoishia mbali zaidi, yaani tarehe 16 asubuhi, na nimejiongezea siku hiyo nzima. Nitaanza kuuza tarehe 17.

Mume wangu aliuliza kwa nini tusiuze ya zile robo tatu ambazo hazikuwekwa tyubu. Nikamwambia sindano ya msuli inaingia kwenye damu, na damu ndiyo inayotengeneza maziwa ya robo zote nne. Nilisema sawa?

Afisa Mifugo, Hai – 12 Aprili

Ulisema sawa kabisa. Hata tyubu peke yake, sehemu ya dawa hunyonywa na kutokea robo nyingine. Ng'ombe akitibiwa, maziwa ya ng'ombe mzima yanasubiri.

Mtindi wa Sakina – 12 Aprili

Naomba niseme hapa kama mnunuzi. Natengeneza mtindi Arusha mjini, napokea maziwa ya wafugaji wadogo kutoka pande za Ilboru na Ngaramtoni. Kuna siku nilipika lita 60, nikapoza, nikaweka kimea, nikafunika. Kesho yake asubuhi ni maziwa yale yale, hayajaganda hata kidogo, yana harufu ya ajabu. Kimea cha mtindi ni bakteria hai, na antibayotiki haijui bakteria wa mtindi na wa ugonjwa ni wapi wanatofautiana. Mtu mmoja alichanganya lita tatu za ng'ombe aliyechomwa sindano jana yake, na pipa zima likaenda.

Lakini lililoniumiza zaidi si fedha. Maziwa mengi hapa mjini hayaishii kwenye mtindi, yanaishia kwenye chai na uji wa watoto. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini dawa nyingi hizi hazitoki kwa kuchemsha. Mtoto mwenye mzio wa penisilini anaweza kuzidiwa kwa kikombe kimoja. Dada wa Kibosho, kila lita unayomwaga shimoni, mimi nakushukuru kwa niaba ya mtu ambaye hutamjua.

Mama Usa – 12 Aprili

Wanangu, mimi ni mzee wa Usa River, nimefuga tangu enzi za kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Zamani tulikuwa tunakanda kiwele kwa maji ya moto na kukamua robo inayougua mara nyingi kwa siku, kila baada ya saa chache, kutoa uchafu. Wengine walipaka shubiri. Je, hayo mmeyaacha?

Kihamba cha Kibosho – 12 Aprili

Shikamoo mama. Hatujayaacha. Siku tatu za kwanza nilikuwa namkamua Tunu ile robo mara tano hadi sita kwa siku, na ile ya mwisho ya usiku ndiyo niliyowekea tyubu ya jioni, ili dawa ikae bila kutolewa hadi asubuhi. Nilimkanda pia kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, akawa anatulia kabisa, anafumba macho. Shubiri sijatumia, kwa sababu sijui inafanya nini ikiingia kwenye tundu la chuchu, nikaogopa.

Mama Usa – 12 Aprili

Marahaba mwanangu. Akitulia hivyo ukimkanda, ni dalili nzuri.

Kihamba cha Kibosho – 14 Aprili, siku ya saba

Naleta daftari.

Joto: siku ya kwanza 40.6, ya pili 39.8, ya tatu 39.1, ya nne 38.7, na tangu hapo halijavuka 38.8. Napima asubuhi kabla ya jua kali, kipimajoto kikae dakika mbili.

Lita kwa siku nzima: 6, 6, 7, 8, 8.5, 9, leo 9.5.

Tumbo: naweka ngumi kwenye shimo la ubavu wa kushoto nyuma ya mbavu, nahesabu likisukuma. Siku ya kwanza nilikaa dakika mbili nikapata mara moja tu, dhaifu. Sasa napata mara tatu katika dakika mbili, inasukuma ngumi kweli.

Robo: hapa ndipo nimejifunza. Siku za mwanzo nilikuwa nashika kiwele kabla ya kukamua, kila kitu kinaonekana kimejaa, sijui uvimbe ni upi na maziwa ni yapi. Sasa nashika baada ya kukamua, kiwele kikiwa kimelegea. Robo tatu ni laini kama mkate. Ile ya nyuma kushoto, juu karibu na mwili, bado ina bonge kama yai la kuku. Siku ya nne lilikuwa kama ngumi ya mtoto.

Mikamuo ya kwanza ya kila chuchu naikamulia kwenye kikombe nilichofunika kipande cha mpira mweusi wa ndani wa tairi. Juu ya weusi ule punje ndogo nyeupe inaonekana. Leo asubuhi nimeona tatu. Kwenye ndoo ya plastiki nyeupe nisingeziona kamwe, na ningewaambia maziwa ni safi.

Kijana wa Uru – 14 Aprili

Dada, baada ya maneno ya Daktari nilienda kumshika wangu baada ya kukamua. Robo ya mbele kushoto ina kamba ngumu ndani. Sikuwahi kuijua. Na nikikumbuka, alikuwa lita 11, sasa hivi tunafurahia 7 na kulaumu majani.

Afisa Mifugo, Hai – 15 Aprili

Kijana, usimchome chochote kwanza. Mpime.

Wote mnaofuatilia, sasa tuzungumze kipimo cha CMT (California Mastitis Test), kinachoonyesha wingi wa chembe nyeupe kwenye maziwa, kwa sababu hapa ndipo jibu la swali la dada lilipo. Kilianza California mwaka 1957 na bado ndicho rafiki mkubwa wa mfugaji mdogo. Ni kisahani chenye vikombe vinne, kimoja kwa kila robo. Tupa mikamuo ya kwanza, kamulia kidogo kila kikombe, inamisha umwage hadi vilingane, weka dawa ya kipimo kwa kiasi kile kile, zungusha polepole kwa sekunde kumi, soma ukiwa bado unazungusha. Maziwa yenye chembe nyingi yanabadilika kuwa ute. Kadiri chembe zinavyozidi, ndivyo yanavyovutika kama mlenda, na kwenye hali mbaya ute unakusanyika katikati na kuinuka kama yai bichi.

Robo yenye afya ina chembe chini ya 200,000 kwa mililita, na mara nyingi chini ya 100,000. Robo iliyougua kama ya Tunu inafika mamilioni. Zikiwa laki tano, jicho halioni kitu. Maziwa meupe, hakuna madonge, hakuna homa, ng'ombe anakula. Huo ndio ugonjwa wa kiwele uliojificha, na ndio unaokula lita zenu.

Sasa msikie vizuri: baada ya tiba, chembe hazishuki siku ile bakteria anapokufa. Zinashuka taratibu, wiki mbili, tatu, nne. Kwa hiyo ukipima siku ya saba ukaona ute, usikate tamaa na usikimbilie tyubu nyingine. Pima siku ya 14, ya 21, ya 28. Unachotafuta ni mwelekeo wa kushuka.

Mkulima wa Tengeru – 15 Aprili

Daktari, dawa ya CMT hapa madukani mara ipo mara haipo. Niliwahi kusikia kwamba sabuni ya unga ya kufulia inaweza kutumika. Ni kweli?

Afisa Mifugo, Hai – 15 Aprili

Ni kweli, kwa sababu dawa ya CMT yenyewe ni aina ya sabuni. Inapasua chembe, na kilichomo ndani ya chembe ndicho kinachonata. Yeyusha gramu 15 za sabuni ya unga kwenye nusu lita ya maji, kisha changanya maziwa na maji hayo ya sabuni kwa kiasi sawa. Haisomi kwa ukali kama CMT halisi, lakini robo iliyo mbaya itajionyesha. Osha kisahani vizuri kila baada ya matumizi, na usipime ng'ombe aliyezaa ndani ya siku tano za kwanza, maana dang'a lina chembe nyingi kwa asili yake.

Kihamba cha Kibosho – 17 Aprili, siku ya kumi

Leo maziwa yametoka kwenda kuuzwa kwa mara ya kwanza. Nimemwaga lita 74 kwa siku tisa. Kwa bei ninayouza, 1,200, ni shilingi 88,800, mbali ya dawa na nauli ya daktari. Nimeandika hesabu hiyo kwenye jalada la daftari ili kila nikiona uvivu wa kuosha kiwele niikumbuke.

Maana chanzo nakijua. Mvua za masika zilianza, paa la banda linavuja upande aliolala Tunu, na maranda niliyomwekea yakalowa yakakaa siku tatu bila kubadilishwa. Kijana wa kukamua alikuwa anatumia kitambaa kimoja kufuta ng'ombe wote wawili, na anachovya vidole kwenye maziwa ili chuchu iteleze. Sikumkataza. Alijifunza hivyo na mimi nilimwacha.

Sasa tumebadilisha. Kila ng'ombe ana kitambaa chake, kinachemshwa. Kucha zimekatwa. Mafuta ya kukamulia badala ya maziwa. Baada ya kukamua, chuchu zinachovywa kwenye dawa ya iodini, halafu anapewa majani mabichi papo hapo, ili asimame angalau nusu saa, kwa sababu tundu la chuchu halijifungi haraka, na akilala papo hapo anachota uchafu wa sakafu. Tunu anakamuliwa wa mwisho.

Mfugaji Machame – 18 Aprili

Aika dada kwa uzi huu. Naomba niongeze kwa wasomaji wapya: sio kila kiwele ni cha kusubiri daktari hadi jioni. Wangu wa kwanza alianza na maziwa kama maji ya chai, masikio baridi, macho yameingia ndani, kisha akalala asiinuke. Nilidhani ni homa ya maziwa (upungufu wa kalsiamu baada ya kuzaa) kwa sababu alikuwa amezaa juzi. Alikufa usiku ule ule. Baadaye daktari akaniambia ni wale bakteria wa kwenye kinyesi, sumu yao ilikuwa imeingia kwenye damu.

Afisa Mifugo, Hai – 18 Aprili

Pole sana ndugu. Ni kweli. Wale wa kinyesi, akina E. coli, wanaweza kumaliza ng'ombe ndani ya saa chache. Masikio baridi, kushindwa kusimama, kuharisha maji, robo inayogeuka rangi ya bluu na kuwa baridi: piga simu hata kama ni saa nane usiku. Na maranda yaliyolowa ni makazi yao mazuri, dada ameyataja kwa usahihi.

Kihamba cha Kibosho – 21 Aprili, siku ya kumi na nne

Nimepata CMT. Mikono ilikuwa inatetemeka.

Nyuma kushoto: ute mzito, daraja la pili (daraja likipanda, ute umezidi). Nilitegemea. Nyuma kulia: maji matupu, safi. Mbele kushoto: safi.

Mbele kulia: daraja la pili.

Nilirudia mara mbili. Robo ambayo haikuvimba, haikuwa na moto, haikutoa donge hata moja, ambayo kila siku naandika "nzuri" kwenye daftari. Nimekaa kwenye kigoda bandani mpaka kukaingia giza.

Mama Usa – 21 Aprili

Usilie mwanangu. Umeijua mapema. Sisi tulikuwa tunaijua ikishaoza.

Afisa Mifugo, Hai – 21 Aprili

Dada, hii ndiyo sababu kisahani kina vikombe vinne. Usiiwekee tyubu leo. Hiyo robo haina dharura, na sasa una nafasi ambayo hukuwa nayo tarehe 8: kuchukua sampuli kabla ya dawa. Osha chuchu, kausha, futa ncha kwa pamba yenye spiriti mpaka pamba itoke nyeupe. Tupa mikamuo mitatu minne. Shika chupa safi ya maabara ikiwa imelala, mdomo usitazame juu wala usiguse chuchu, kamulia kidogo, funga. Weka kwenye barafu, na ifike maabara ya veterinari Arusha siku hiyo hiyo au kesho yake. Andika robo, tarehe, na dawa alizotumia.

Kihamba cha Kibosho – 28 Aprili, siku ya ishirini na moja

Nyuma kushoto: daraja la kwanza. Inashuka. Bonge lililokuwa kama yai sasa ni kama punje ya korosho, na punje nyeupe kwenye kikombe cheusi sijaziona tangu tarehe 19. Lita 12 kwa siku.

Mbele kulia: bado daraja la pili. Haishuki, haipandi. Sampuli nilipeleka tarehe 23 kwa basi la asubuhi, chupa kwenye kiboksi cha barafu mapajani. Nasubiri.

Mkulima wa Tengeru – 29 Aprili

Dada, swali la pembeni. Maziwa ya siku za dawa hukumpa ndama? Nina ndama wawili, na kuyamwaga kunaniuma.

Kihamba cha Kibosho – 29 Aprili

Sikumpa. Ndama wa Tunu alikunywa ya yule ng'ombe mwingine. Daktari wangu alisema ndama akinywa dawa kidogo kidogo kila siku, bakteria wa tumboni mwake wanaizoea, na siku akiugua kweli dawa hiyo huenda isimsaidie. Na maziwa ya robo yenye stafilokoka yana bakteria hai. Kumwaga kunauma, nakuelewa. Niliuma meno siku tisa.

Kihamba cha Kibosho – 5 Mei, siku ya ishirini na nane

Majibu yamekuja: stafilokoka, kwenye mbele kulia. Kwenye karatasi wameandika pia dawa ambazo bado zinamuua na ambazo amezizoea. Penisilini ameizoea. Kama ningemchoma ile ya kawaida ya dukani kwa kubahatisha, ningemwaga maziwa tena bure.

Nyuma kushoto leo: alama kidogo sana, ute unaonekana ukizungusha na kupotea.

Nimezungumza na daktari wangu na pia na Afisa wa Hai kwa ujumbe. Wamekubaliana hivi: kutibu stafilokoka wakati ng'ombe anakamuliwa mara nyingi hakufanikiwi. Nafasi nzuri zaidi ni siku za kukausha, yaani anapoachwa kukamuliwa takribani siku 60 kabla ya kuzaa, kwa tyubu maalumu za kukaushia ambazo hukaa ndani ya kiwele muda mrefu bila kukamuliwa. Tunu amepandishwa mwishoni mwa Aprili. Mpaka wakati huo anakamuliwa wa mwisho, robo ile inakamuliwa ya mwisho kwenye chombo chake, na mikono inaoshwa kabla ya kugusa chochote.

Kijana wa Uru – 6 Mei

Dada, na kama ikishindikana hata wakati wa kukausha?

Kihamba cha Kibosho – 6 Mei

Nitamzuia asiambukize mwenzake. Kama ni robo moja tu, tutaikausha hiyo kabisa na atabaki na tatu, wapo wengi wanaokamuliwa robo tatu. Kama itahamia nyingine, nitamwachia aondoke, baada ya siku zote za dawa kuisha mwilini. Nimeshalisema hilo nyumbani kwa sauti, ili siku ikifika nisijidanganye. Wa kwako umempima?

Kijana wa Uru – 6 Mei

Nimempima jana kwa sabuni ya unga. Mbele kushoto ni mlenda mtupu. Napeleka sampuli wiki hii, nisaidie jinsi ya kupata chupa.

Kihamba cha Kibosho – 6 Mei

Njoo Kibosho kesho jioni, nina mbili zimebaki, hazijafunguliwa. Njoo na kitambaa safi, nikuonyeshe kwa Tunu kwanza.

Kihamba cha Kibosho – 12 Mei, siku ya thelathini na tano

Nyuma kushoto: safi. Nimeipima mara mbili, asubuhi na jioni, maji matupu kama zile nyingine. Bonge halishikiki tena.

Mbele kulia: daraja la pili, kama ilivyokuwa.

Lita 12.5. Zile 14 za zamani nadhani hazitarudi uzao huu, robo ya nyuma kushoto inatoa karibu theluthi mbili ya mwenzake wa kulia. Nakamulia kila robo kwenye jagi lenye alama mara moja kwa wiki, ndipo nilipojua.

Fundi wa paa amekuja leo. Kipimo kinachofuata ni tarehe 26.